Farasi wa Mwalimu

Kwa miaka yote niliyomfahamu Mwalimu, sikuwahi kupata jibu la kuniridhisha kwa swali moja dogo: farasi wametoka wapi? Mwalimu alikuwa Mkongo, mtu wa kando ya Ziwa Tanganyika, na vita alivyovijua vilikuja kwa miguu na kwa malori. Lakini utenzi wake, ule aliokuwa akiutunga siku zote, ulikuwa wa askari na farasi wao. Kulikuwa na farasi waliolala matopeni, farasi waliokunywa mto mmoja na wanaume waliokuwa wakifa, farasi wenye hatamu za ngozi na kengele shingoni. Nilimwambia siku moja kwamba maisha yake yote farasi aliowaona kwa macho ni wa polisi tu, kwenye maandamano ya sherehe mjini Saint Paul, hapa Amerika. Akanijibu kwamba hata mbinguni hajawahi kufika, na bado habari zake anazisimulia kila Jumapili bila mtu kumuuliza.

Nilianza kumpa lifti kwa sababu Mchungaji alisema ni njiani tu. Mimi ni muuguzi, mwanamke wa Kenya, naishi Oakdale. Mwalimu aliishi Frogtown, chumba cha ghorofani nyuma ya University Avenue, na kanisa letu la Kiswahili liko Minneapolis, katika jengo tunaloliazima kwa Wamarekani Jumapili alasiri wao wakishaondoka. Kwenye ramani, kweli, ni njiani. Ramani haikuonyeshi mzee anayeshuka ngazi na kofia mbili kichwani, anafika mlangoni, anakumbuka miwani, anapanda tena. Haikuonyeshi mimi niliyetoka shifti asubuhi, sijalala vya kutosha, nimekaa garini na baridi ya Januari huku nikipiga honi mpaka majirani wanachungulia dirishani.

Akishaingia na kufunga mkanda, hakusema habari za leo. Alisema, "Tuliishia wapi?"

Na mimi ndiye niliyetakiwa kujua. Tuliishia pale kamanda alipouawa, au pale farasi jike alipozaa katikati ya mapigano, jambo lililotuchukua majira mazima ya baridi kwa sababu Mwalimu hakuridhika na yule mtoto. Hakuandika hata neno. Alitunga kwa mdomo, huku akihesabu mizani kwa kidole gumba kwenye vifundo vya vidole vingine, nane kwa kila mshororo, si saba, si tisa. Mizani ikigoma, aligonga dashibodi yangu hadi nikaogopa itapasuka. Ubeti ukikamilika aliusema mara moja tu, akanyamaza, akingoja niurudie. Nikikosea, kile Kiswahili chake sanifu cha darasani kilimkimbia na cha nyumbani kikachukua nafasi.

"Non, non. Rudia. Mutu hasemake utenzi na mudomo wa kulala."

Niko barabara kuu ya I-94, theluji inapiga kioo, lori la kumwaga chumvi liko mbele yangu linanirushia mawe, na mtu mzima ananiambia rudia. Nilirudia. Sijui kwa nini nilirudia. Wakati mwingine nilimwambia, "Mwalimu, wacha ni-park kwanza," naye alinyamaza kwa heshima kubwa mpaka gari lisimame, halafu akasema rudia.

Nilimsihi aniruhusu nimrekodi kwa simu. Akakataa. Nilimsihi aandike. Akakataa kwa ukali zaidi. Zamani alikuwa na karatasi, alisema, mashairi ya nusu ya maisha yake, na askari waliokaa katika nyumba yake baada ya yeye kukimbia walizisokotea tumbaku. Alivuka ziwa na kilichokuwa kichwani peke yake, na hicho ndicho kilichofika. Karatasi, alisema, humtii yeyote anayeishika. Nilitaka kumwambia aingie basi kichwani mwangu aone kama kuna nafasi, maana kimejaa dozi za dawa, nywila za kompyuta za kazini na siku za watu kuzaliwa. Badala yake nilijikuta wadini nikimpima mgonjwa presha huku midomo yangu ikienda. Mgonjwa akaniuliza kama ninamwombea. Nikamwambia ndiyo, kwa kuwa kumweleza ukweli kungechukua siku nzima.

Na mtu huyohuyo asiyeandika alisahihisha maandishi ya kila mtu. Kwenye University kuna duka tunakonunua unga, mawese na dagaa, na mwenye duka alibandika tangazo mlangoni kuhusu saa za kufungua. Mwalimu alikuja na kalamu nyekundu. Tangazo likabadilishwa, naye akarudi na kalamu yake. Mwisho mwenye duka aliliandika kwa Kiingereza peke yake ili apate amani. Taarifa za kanisa zilimrudia Mchungaji zikiwa zimepigwa mistari kabla hata ya wimbo wa kwanza. Kwenye harusi moja alisahihisha keki, kwa kijiti cha meno, bibi harusi akiwa ameshika kisu anangoja. Wote waliudhika, na hakuna aliyemkataza. Aliwafundisha wengi wao kusoma huko kwenye kambi ya wakimbizi, na mtu aliyekushika mkono ukaandika jina lako mara ya kwanza humwambii aache keki.

Alidai hajui Kiingereza. Nilimpeleka kliniki mara kadhaa na hapo kila kitu kilipitia kwa mkalimani kwenye simu, kijana mpole wa watu, mpaka Mwalimu akamkatiza amwambie kwamba daktari hakusema "labda", amesema "lazima". Daktari alinigeukia. Nami nikatazama dirishani.

Aliyemsikiliza kwa adabu, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa mtu mmoja tu: jirani yake wa chini, mzee wa Kihmong aliyetoka milima ya Laosi na kupitia vita vyake huko. Hawakuwa na lugha hata moja ya kushirikiana. Jioni za kiangazi waliketi kwenye ngazi za mbele, mzee yule anapukuchua maharage kwenye bakuli, Mwalimu anasema utenzi tangu mwanzo, na kila baada ya beti chache jirani aliitikia kwa koo. Niliwakuta hivyo zaidi ya mara moja nilipompelekea chakula. "Unaona?" Mwalimu aliniambia. "Hasahau kitu huyu, wala haulizi farasi wametoka wapi."

Hilo liliniuma, nakiri. Kwa hasira, nikaamua nimpeleke akawaone hao farasi. Mfanyakazi mwenzangu anaishi Eden Prairie na anafuga farasi katika zizi la kukodi mbele kidogo ya hapo. Nilitumia siku yangu ya mapumziko. Mwalimu alivaa suti. Njia nzima alinieleza tabia za farasi, namna ya kuwakaribia, ni upande gani mtu anapaswa kupandia. Tulipofika, na farasi mwenyewe akaletwa hadi uani, mkubwa, wa rangi ya kahawia, anatoa moshi puani, Mwalimu alikataa kushuka. Alifunga mlango kwa kitufe. Akateremsha kioo upana wa vidole vitatu, na kwa mwanya huo akawa anamkagua mnyama aliyemtungia beti zisizo na idadi.

"Muulize mwenye mnyama," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mtu akifia mgongoni, farasi anajua?"

Nilitafsiri kwa aibu. Yule mwenzangu hakucheka. Alimshika farasi wake shingoni, akafikiri, akasema kwamba farasi huhisi uzito ukilegea. Wake, mpandaji akianguka, hakimbii. Husimama palepale, wakati mwingine huinama amnuse. Nilimpelekea Mwalimu jibu hilo dirishani na nikaona uso wake umebadilika. Alipandisha kioo, akaniashiria niondoe gari.

Halafu akabomoa kila kitu. Katika utenzi wake wote farasi waliopoteza askari walikuwa wakikimbia nyumbani peke yao na kengele zao, na mimi nilikuwa nimeuhifadhi mkimbio huo wote kichwani, kwa jasho. Sasa ulikuwa uongo, alisema, uondoke. Nilimuuliza niutoe vipi kichwani, kwa sindano? Alikuwa anahesabu vifundo. Kabla hatujafika Frogtown alikuwa na hizi, na sikiliza sasa, maana ndizo nilizokuja kuzibeba kuliko zote:

*Mpanda ameanguka,*
*Farasi hakutoroka,*
*Shingo ameiinika,*
*Amesimama njiani.*

*Hakuuliza kabila,*
*Wala dini wala mila,*
*Kamngoja bila kula,*
*Na theluji mgongoni.*

Niliruka na hiyo theluji. Kwanza umetuletea farasi ambao hawakuwapo, nikamwambia, sasa unawanyeshea theluji, Kongo hiihii? Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni. Theluji, alisema, anaijua vizuri sasa, ameilipia.

Hata hivyo neno lililonikaa ni kabila, na ndilo lililonifanya nimuulize Mchungaji. Hapo ndipo nilipofahamu nilichokuwa nikiendesha kila Jumapili.

Kanisa letu lina siku yake kila mwaka ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Ni siku ngumu, kwa sababu ambayo mimi Mkenya nilichelewa kuielewa: walioketi kwenye viti vile hawakukimbia kutoka upande mmoja. Wapo waliokimbia watu ambao ndugu zao leo wanaimba nao kwaya moja. Hawalizungumzi. Wanapikiana, wanapokezana watoto, na siku hiyo majina ya marehemu husomwa haraka haraka ili mtu asifike kwenye nani alimuua nani.

Zamani utenzi wa Mwalimu ulikuwa na askari wa miguu, Mchungaji aliniambia, askari wa kweli, waliovaa gambuti, zile buti za mpira. Aliusema mbele ya kanisa siku hiyo ya kumbukumbu. Alipofika kwenye gambuti, Mzee wa Kwaya, mwenye ile besi inayoishika kwaya yetu isianguke, alisimama akatoka, na nusu ya kwaya ikamfuata. Kila mtu mle ndani alijua ni kundi gani lililovaa gambuti. Mdogo wake Mzee wa Kwaya alikuwa katika kundi hilo na hakurudi, na kaka wa Mwalimu aliuawa na kundi hilo. Watu walikaa miezi bila kusalimiana. Tangu hapo, Mwalimu akiinuka tu kwenda mbele, Mzee wa Kwaya huvaa koti na kwenda kusimama kwenye maegesho mpaka Mwalimu aketi. Na wakikutana mlangoni, kwa kuwa habari za farasi zilienea, humwambia bila kusimama, "Farasi gani? Kule kwetu ulionaka farasi wapi?"

Jumapili iliyofuata nilimuuliza Mwalimu mwenyewe, garini, kabla hajasema tuliishia wapi. Safari hii alinijibu.

"Nikimuleta askari peke yake, wataniuliza ni wa upande gani. Farasi hana upande. Watamulilia wote, na wakishaanza kulia, askari atapita hapohapo."

"Na mimi naingia wapi?"

"Wewe si wa kwetu. Ukiusema wewe, hakuna atakayetafuta kabila yako ndani."

Nilimwambia hata sisi tuna pande zetu, asidhani Kenya ni malaika watupu, asome yaliyotokea kwenye uchaguzi wetu. Alisema hilo ni la utenzi wangu mimi, nikiutunga. Nilikasirika, na hapohapo nilimpenda sana, na sikupata namna ya kumwambia lolote kati ya hayo mawili kwa kuwa alikuwa ameshaanza kugonga dashibodi.

Kazi yangu ikawa wazi basi. Utenzi ungekamilika, mimi ningesimama siku ya kumbukumbu niuseme, na pengine kwa mara ya kwanza wangeuomboleza msiba ule pamoja. Kilichobaki ni ubeti wa mwisho. Farasi amesimama na theluji mgongoni: halafu? Mwaka wa kwanza Mwalimu alisema bado. Mwaka wa pili alisema haharakishwi na kalenda. Mwaka wa tatu nilimfokea. Nilimwambia mtu mwenye umri wake hachezei wakati, aufunge kwa lolote, farasi afike au afe, sisi tujue. Alinitazama kwa huruma. Alisema hajui kama farasi alifika nyumbani, na hawezi kulisema jambo asilolijua. Mtu aliyetia theluji Kongo ndiye aliyenijibu hivyo.

Halafu akapatwa na kiharusi. Jirani wa Kihmong ndiye aliyemkuta na ndiye aliyegonga milango ya watu. Mkono wa kulia haukurudi. Maneno yalirudi polepole, Kiswahili kwanza, Kifaransa kidogo, lakini miaka yake ya Amerika ilikuwa imefutika, na utenzi ulifutika nayo. Mchungaji alinipigia simu. "Basi ni wewe sasa uliye nao," akasema, kwa upole, na mimi nikakata simu nikapiga usukani. Nilimwambia Mwalimu aandike. Nilimwambia, nilimwambia, nilimwambia.

Walimhamishia kituo cha wazee huko Maplewood, karibu na kwangu. Hapo kwa mara ya kwanza akawa njiani kweli. Siku ninayotaka kuieleza, Mzee wa Kwaya alinipigia simu akaniuliza kama ninakwenda kumwona Mwalimu na kama garini kuna nafasi. Sikumuuliza sababu. Alikaa njia yote mikono magotini. Tulipofika chumbani hakuingia. Alibaki mlangoni, koti limefungwa hadi shingoni.

Mwalimu alikuwa ameegemezwa mito. Alikuwa amepungua. Nilivuta kiti nikasema kwa uchangamfu wa kiuguzi ambao mwenyewe siupendi, "Tuliishia wapi, Mwalimu?"

"Dawa nimekunywa," akanijibu.

Basi nikaanza mwanzo. Sikuwa na jingine la kumpa. Nilisema matope, nikasema mto, nikasema kamanda, nikasema yule mtoto wa farasi aliyetusumbua. Mwalimu alifumba macho, na baada ya muda nikaona kidole gumba cha mkono mzima kinatembea kwenye vifundo. Nilijikwaa mahali fulani na kidole kikasimama, nikasahihisha, kikaendelea. Kisha ghafla akafumbua macho.

"Farasi?" akasema. "Kule kwetu farasi walitoka wapi?"

Ningeweza kumrushia jagi la maji. Miaka yote ile, barafu yote ile, swali langu mwenyewe ndilo ananiuliza mimi. Nikamjibu kwa kuwa nilikuwa na jibu moja tu.

"Farasi hana upande, Mwalimu."

Alilitafakari. "Nani amekuambia?"

"Mwalimu wangu."

"Iko mutu wa kichwa ngumu."

"Sana," nikasema. "Hujui hata nusu."

Akaniashiria niendelee. Nikaendelea mpaka mpanda akaanguka, farasi akainika shingo, theluji ikamjaa mgongoni. Nikanyamaza.

"Halafu?"

"Ni hapo tu. Hukumaliza."

"Alifika nyumbani?"

Aliuliza kama mtu asiyejua na anayetaka sana kujua. Nilitaka kulia na bado nilikuwa na hasira naye, kwa kuniachia mnyama huyo barabarani kwenye baridi.

Mlangoni Mzee wa Kwaya alikohoa.

"Alifika, Mwalimu," akasema. "Alifika kwetu. Tulimupatia maji."

Mwalimu aligeuza kichwa na kumtazama. Sijui kama alimkumbuka. Uso haukuonyesha.

"Itie mizani," akamwambia.

Tulitazamana, mimi na Mzee wa Kwaya. Nilijaribu mimi kwanza, *amefika nyumbani*, na kabla sijamaliza kidole gumba cha Mwalimu kilikuwa kimefika mwisho na kukuta pungufu. Alitikisa kichwa. Mzee wa Kwaya alikuwa anahesabu kwa vidole vyake vyote, taratibu, midomo inacheza.

"*Amefika kwa jirani*," akasema.

Mwalimu alihesabu. Alihesabu tena, kwa kuwa hakuwahi kumwamini mtu mara ya kwanza. Nane.

"Bado mishororo mitatu ya juu," akasema, akafumba macho.

Mzee wa Kwaya alifungua koti lake, kifungo kwa kifungo, akalitundika kwenye ndoano nyuma ya mlango. Akavuta kiti cha pili, akaketi upande wa mkono ule usiofanya kazi, akaushika.

"Haya, mama," akaniambia. "Rudia."